Gasoholi na Somo Tulilolisahau

Kila nionapo foleni ya matatu katika Barabara ya Naivasha, hapa Riruta, huikumbuka gasoholi. Mwaka 1983 kiwanda cha Muhoroni kilianza kugeuza molasi ya miwa kuwa ethanoli, ikachanganywa na petroli kwa asilimia 10. Kufikia 1993 mpango huo ulikuwa umekufa, bei ikiwa miongoni mwa sababu.

Lakini ethanoli nayo ina udhaifu: hufyonza maji, na lita yake ina takriban thuluthi mbili tu za nishati ya petroli. Butanoli, yenye kaboni nne badala ya mbili, huikaribia petroli zaidi.

Mfaransa Marcel Guerbet alionyesha mwaka 1899 kwamba alkoholi nyepesi huweza kuunganishwa zikawa nzito. Siku hizi shaba au nikeli iliyotandazwa juu ya alumina huipokonya ethanoli haidrojeni. Molekuli mbili hushikana, maji hutoka, haidrojeni hurejeshwa. Tatizo ni kuwa hutokea pia mazao mengi yasiyotakiwa, na kuyatenga ni gharama.

Ndugu walimu, hapo ndipo kazi ilipo. Molasi tunayo; tusiwafundishe vijana kukariri majina ya alkoholi tu. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.