Kazi ya mikono: Moteri inapata moto sana

Vijana wengi wako na atelie kidogo ndani ya lupango: mashini ya kunoa ao ya kupasua mbao. Moteri ikiungua, chakula cha nyumba kinapunguka, na kufanya bobinaji mupya ni feza nyingi. Basi, tutafuta ugonjwa namna gani?

Kwanza kata umeme, utoshe fishi ndani ya priza. Angalia: kondansateri inaweza kuchunga umeme hata kisha kukata. Usiiguse, na watoto wakae mbali.

Moto peke yake si ugonjwa. Moteri nzima inaweza kupata moto hata mkono usikae juu yake. Alama mbaya ni harufu ya verni inayoungua, moshi, ao moteri kunguruma bila kuzunguka. Hapo kata umeme mara moja.

1. Hewa. Safisha vumbi ya mbao kwenye ventilateri ya nyuma. Usifunike moteri na gunia wakati inatumika.

2. Mzigo. Tosha mukaba, zungusha moteri na mkono. Ikikwama ao ikilia, rulema zimekufa. Ikizunguka vizuri, rudisha umeme, itembee bure dakika kumi. Kama haipate tena moto mingi, ugonjwa unaweza kuwa inje: mukaba umekazwa sana, ao msumeno haukate tena.

3. Umeme. Kama inapata moto hata bila mzigo, pima volti kwenye moteri yenyewe, ikiwa inatumika. Volti zikishuka toka 220 mpaka 180 na kazi ni ile ile, moteri inavuta umeme mingi zaidi, na moto ndani ya nyuzi unaweza kufika karibu mara moja na nusu. Mara mingi sababu ni ralonji ndefu ya waya mwembamba. Weka waya munene, tena usiiache imeviringwa.

4. Kama volti ni nzuri, peleka kwa fundi apime kondansateri na bobinaji.

Tena tujue hii: nguvu inayoandikwa kwenye moteri ni ya pahali pasipopita metre 1.000 juu ya bahari. Lubumbashi na Kolwezi zinapita pale. Hewa yetu ni nyepesi, haipoze sana. Usiombe moteri nguvu yake yote siku nzima.

Na fizible ikikatika kila mara, usitie waya munene pahali pake. Fizible inakatika kusudi nyumba isiungue.