Mwanao anataka kuwa mfamasia? Asiache fizikia

Mtoto akiingia kidato cha tatu, shule nyingi humruhusu kuacha fizikia. Wengi huiacha kwa furaha, na wazazi tunakubali kwa sababu mtoto anataka famasi, hataki uhandisi. Mzazi, kabla hujakubali, soma kwanza hapa.

Hapa nchini kuna njia kuu mbili za kuufikia ufamasia.

Ya kwanza ni kupitia kidato cha sita. Mtoto anasoma PCB miaka 2, kisha Shahada ya Famasia miaka 4 katika vyuo kama MUHAS jijini Dar es Salaam, CUHAS Mwanza au St. John's Dodoma. Anamalizia na utarajali wa mwaka 1, ndipo asajiliwe na Baraza la Famasia. Jumla ni miaka 7 baada ya kidato cha nne.

Ya pili ni kupitia stashahada. Akimaliza kidato cha nne anaingia chuo cha kati kusoma sayansi ya dawa miaka 3. Akihitimu na kusajiliwa anakuwa fundi dawa sanifu, na anaweza kuajiriwa hospitalini au famasi. Akitaka kuwa mfamasia kamili, anaombea shahada kwa stashahada hiyo, anasoma miaka 4 na kufanya utarajali. Jumla ni miaka 8.

Tofauti ni mwaka mmoja tu. Wa njia ya pili anapata taaluma mapema, hata kama fedha ya chuo kikuu itachelewa. Ila chuo kina ada tangu mwaka wa kwanza, wakati kidato cha tano na sita katika shule za serikali hakina ada tangu mwaka wa fedha 2022/23. Pigeni hesabu pamoja nyumbani.

Sasa turudi kwenye fizikia. Stashahada humpokea mwenye ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, yakiwemo kemia na baiolojia. Fizikia si lazima, kwa hiyo mtoto anaingia bila shida. Tatizo huja akiomba shahada: anatakiwa GPA isiyopungua 3.0, pamoja na angalau D za kidato cha nne katika hisabati, kemia, baiolojia, fizikia na Kiingereza. Asiye na fizikia hukwama hapo, hata kama aliongoza darasa chuoni. Itabidi arudi kuifanyia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akiwa mtu mzima mwenye kazi na majukumu.

Kwa njia hii ya pili, inayotakiwa ni D. Kama fizikia inamsumbua, mtafutie tuisheni mapema, na hisabati msiisahau.

Kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, na usome mwongozo wa TCU wa mwaka husika, maana vigezo hubadilika.

Na jioni ya leo, muulize mwanao: fizikia inaendaje?