Kifua kitupu nacho kinaongea

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, si kwa kupenda, ni kazi za semina zilivyopangwa zote ziangukie juma moja. Lakini nipo, na leo nina la kusema.

Naomba tuongelee medali. Zile za kijeshi, za kuning'inia kifuani. Sababu ni kwamba sisi wa Ualimu tunaosoma Historia tumepanga kuigiza Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyopiganwa hapa kwetu, kuanzia Tanga Novemba 1914 hadi Mahiwa kule Lindi Oktoba 1917. Magwanda ya kaki tumeshashonesha. Sasa umeibuka mjadala: askari wetu wavae medali au wasivae? Wengi wanasema wavae, tena nyingi, maana ukiwa na vizibo vya soda, utepe na pini gharama yenyewe haifiki hata nauli ya daladala. Eti watazamaji wakiona kifua kinang'aa watapiga makofi. Mimi nasema hapana. Na kwa kuwa kwenye kikao nilipewa dakika mbili tu, nitamalizia hapa ambapo hakuna mwenyekiti wa kunikatiza.

Kwanza tuelewane jambo moja. Medali si urembo. Medali ni maneno. Inasema mtu huyu alikuwa mahali fulani, mwaka fulani, akafanya jambo fulani, na kuna serikali iliyokubali kwamba alifanya. Ukiibandika kwenye shati la mwigizaji umeshamwambia mtazamaji hayo yote bila kufungua mdomo. Kama si kweli, umedanganya, na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekaa mstari wa mbele hana namna ya kujua.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana vikundi vya watu wazima kabisa, wenye kazi zao na familia zao, ambao mwisho wa wiki wanavaa sare za zamani na kuigiza vita uwanjani. Wamegombana kuhusu medali muda mrefu kuliko sisi, na vikundi vingi vimefika kwenye kanuni zinazofanana. Ya kwanza: vaa kile ambacho mtu unayemwigiza angekuwa nacho SIKU ILE, si kile alichokuja kupata baadaye. Ya pili: medali ya ushujaa usiiguse kabisa, isipokuwa unamwigiza mtu anayejulikana kwa jina ambaye kweli alipewa. Ya tatu: usijipe. Yaani kikundi kisianze kugawiana nishani za kweli za jeshi eti kwa sababu fulani kahudhuria mazoezi vizuri. Mkitaka kumshukuru, mpeni cheti, au mnunulieni chipsi.

Kanuni ya kwanza ndiyo inayowaangusha wengi. Mfano, Uingereza ina medali ya nyota kwa waliopigana Ufaransa na Ujerumani kuanzia siku ya kutua Normandy, Juni 1944. Lakini medali yenyewe ilianzishwa mwaka 1945. Kwa hiyo mtu anayeigiza mwanajeshi anayeshuka ufukweni Juni 1944 huku kaivaa tayari, amevaa kitu ambacho hakikuwepo duniani. Sasa njoo hapa kwetu. Wenzangu wanataka von Lettow-Vorbeck kwenye onyesho la Tanga avae Pour le Mérite, ile nishani kubwa ya Prussia, kwa sababu kwenye picha nyingi anayo. Jamani, vita ya Tanga ilikuwa Novemba 1914. Nishani hiyo alitunukiwa Novemba 1916. Tanga alikuwa Luteni Kanali mwenye kazi ya kuzuia meli za Waingereza zilizojaa askari kutoka India, hakuwa bado yule jenerali wa kwenye mabango. Tukimvalisha, tunafundisha kwamba ushindi wake ulikuwa umeandikwa tangu mwanzo.

Kuna na suala la sheria, nalo nitalipitia haraka. Ujerumani kwa sheria ya mwaka 1957, nishani za wakati wa Hitler zinaruhusiwa kuvaliwa pale tu alama ya swastika ilipoondolewa. Marekani, Mahakama Kuu mwaka 1970 ilimwachia huru kijana mmoja, Daniel Schacht, aliyekuwa amehukumiwa kifungo kwa kuvaa sare ya jeshi kwenye igizo la barabarani la kupinga vita ya Vietnam. Sheria ilikuwa inamruhusu mwigizaji kuvaa sare mradi asilivunjie jeshi heshima, na mahakama ikasema sharti hilo haliwezi kusimama. Hapa kwetu, Kanuni ya Adhabu inamkataza raia kuvaa sare za majeshi yetu, ila mchezo wa jukwaani umeachiwa nafasi yake. Lakini msijidanganye kwamba ni jambo la mzaha: mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku saba watu wasalimishe nguo zinazofanana na za jeshi. Kwa hiyo kaki za 1914 zibaki jukwaani, zisivaliwe kwenda nazo kafteria.

Sasa nifike kwenye kiini. Yuko mtu mmoja ambaye naona angetakiwa kujulikana na kila mwanafunzi wa Ualimu nchi hii, na wengi hatumjui. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, jina lake Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa Msudani, askari mwenye cheo katika jeshi la Wajerumani. Vita ilipoanza 1914, mtoto akaingia jeshini pamoja na baba yake kama mwanafunzi wa kupeleka ishara. Miaka kumi! Oktoba 1917 akajeruhiwa Mahiwa na kutekwa na Waingereza. Miaka kumi na tatu. Mwezi huohuo kamanda wake, von Lettow-Vorbeck, aliongezewa majani ya mwaloni juu ya ile Pour le Mérite yake, na baada ya Mahiwa akapandishwa kuwa jenerali. Mtoto yeye alipata kovu.

Baada ya vita alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin, akijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Akaenda wizara ya mambo ya nje kudai mishahara ya jeshini, ya kwake na ya baba yake, ambayo haikuwa imelipwa. Akajibiwa kwamba muda wa kudai umepita. Akabaki hukohuko. Alifanya kazi ya kuhudumia wateja kwenye jumba la starehe, akaoa, na akawa anafundisha Kiswahili chuo kikuu cha Berlin. Yaani mwalimu mwenzetu kabisa.

Mwaka 1934 serikali ya Ujerumani ilianzisha msalaba wa heshima kwa waliopigana Vita vya Kwanza. Haukuwa wa watu wachache. Walioomba na kupewa walikuwa mamilioni. Husen naye akaomba. AKAKATALIWA. Alichofanya baadaye ndicho kinachonifanya niandike leo: inaonekana alikwenda kwa muuza vifaa vya kijeshi, akanunua msalaba huo kwa hela yake, akauvaa. Aliuvaa pamoja na sare ya askari kwenye mikutano ya Wajerumani waliotaka warudishiwe makoloni. Walimhitaji asimame pale, awe "askari mwaminifu", picha yao ya Afrika waliyoitamani. Kumpa medali hawakutaka. Kumtumia akiwa kaivaa, hilo hawakuwa na tatizo nalo.

Aliigiza pia kwenye filamu nyingi za wakati ule, mojawapo ya mwaka 1941 inayomsifu Carl Peters, yule tuliyemsoma kidato cha tatu kwenye mikataba ya ulaghai na machifu. Mwaka huohuo Husen akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Msalaba wa kununua haukumkinga, na sidhani kama wa kupewa ungemkinga. Tangu mwaka 2007 kuna kijiwe chenye bamba la shaba na jina lake, mbele ya nyumba aliyoishi Berlin.

Je, Husen alikuwa tapeli? Rafiki yangu mmoja amenibana hapo hapo. Ananiambia, kama unapinga medali za uongo, basi huyu ndiye wa kwanza kumpinga. Nikamjibu kwa mfano wa Marekani. Kulikuwa na kiongozi mmoja wa bodi ya maji California, Xavier Alvarez, aliyesimama kwenye kikao cha hadhara akadai ana Medal of Honor. Hajawahi hata kuwa mwanajeshi. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu, na mwaka 2012 mahakama ikaifuta sheria iliyomtia hatiani, kwa hoja kwamba uongo mtupu peke yake usiwe jinai. Mwaka uliofuata ikaja sheria nyingine inayowakamata wanaodanganya ili wapate pesa au faida. Sasa waweke wawili hawa pamoja. Alvarez alidai heshima bila vita. Husen alikuwa na vita, na kovu lake, akanyimwa heshima. Huwezi kuwaweka kapu moja.

Ndiyo maana nasema ile kanuni ya kawaida, kwamba usivae ambacho hakikutolewa, haitutoshi sisi watu wa huku. Imetungwa na watu ambao serikali zao ziliwapa babu zao medali. Ukiifuata kama ilivyo, Husen wa Berlin atasimama jukwaani kifua kitupu, na hiyo itakuwa uongo, kwa sababu yeye alivaa. Ukiitupa kabisa na kumjaza kila askari vizibo vya soda, hiyo nayo ni uongo, tena mbaya zaidi: mtazamaji ataondoka akidhani wakoloni waliwaheshimu askari wao weusi kama mashujaa. Tutakuwa tumewalipia deni lao bure!

Kwa hiyo swali la kuuliza lisiwe tu "je, alitunukiwa?" Liwe "je, siku ile kifuani kwake kulikuwa na nini, na nani alikiweka?" Kwa swali hilo, mtoto wa Mahiwa 1917 havai kitu. Husen wa Berlin anavaa msalaba wake, na msimulizi anasema wazi kwamba aliununua baada ya kunyimwa. Kati ya vifua hivyo viwili somo lote la ukoloni limo, wala hatuhitaji hotuba ndefu. Na wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu wakibeba mizigo ya pande zote mbili, wapite jukwaani bila utepe hata mmoja. Watazamaji wakijiuliza mbona hawa hawana, tutakuwa tumefanya kazi yetu ya ualimu.

Wenzangu wanasema hiyo itaboa. Watu wanakuja kuona mashujaa, si kuona unyonge. Nawaelewa, na sikatai kwamba na sisi tunahitaji mashujaa. Lakini ushujaa wa mtoto wa miaka kumi na tatu pale Mahiwa hauongezwi na kizibo. Kinachoongezwa ni uongo ambao mwaka kesho, tukiwa kwenye mafunzo ya ualimu huko mikoani, mwanafunzi atatuuliza, "Mwalimu, hiyo medali inaitwaje?" na hatutakuwa na jibu.

Mapendekezo yangu basi, na nitayapeleka kwenye kikao Alhamisi. Moja, kila medali itakayopanda jukwaani iwe na karatasi yake: jina, mwaka, nani alipewa au aliipataje. Isiyo na karatasi ibaki kwenye boksi. Mbili, tusiguse medali yoyote ya jeshi letu la leo. Wapo wazee wetu wa vita ya Kagera ambao bado wanazivaa, na wao si historia ya kuigiziwa mbele ya macho yao. Tatu, kama mwenzetu ana medali ya kweli ya babu yake wa KAR, asiivae kama vazi la mchezo. Australia wana utaratibu mzuri: mtu akivaa medali za ndugu yake siku ya kumbukumbu, anaziweka kifua cha kulia, ili kila mtu ajue si zake. Sisi tuiweke mezani na maelezo yake, watu waione baada ya onyesho. Nne, onyesho likiisha, kila kitu kinavuliwa palepale.

Najua kuna watakaosema nafanya jambo dogo kuwa kubwa. Lakini wizara ya Berlin nayo iliona ni jambo dogo kumnyima mtu kipande cha chuma, na mtu huyo aliliona kubwa kiasi cha kutoa hela yake mfukoni.

Wewe ungemvalisha, usingemvalisha? Niambieni, hasa nyie wa Sanaa za Maonyesho mliozoea kusema jukwaa halina sheria. Tukutane Alhamisi. Tuko pamoja.