Mashine ya alama za vidole si ubunifu, bosi

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, kibarua cha kwanza nilichopata kilikuwa cha kupanga mizigo kwenye ghala moja Industrial Area, Nairobi. Wiki ya pili bosi akatuita sote uani. Kampuni, alisema, sasa imeingia enzi ya usimamizi wa kisasa. Usasa wenyewe? Mashine ya alama za vidole mlangoni, kamera tatu na kundi la WhatsApp la kutuma picha kuonyesha uko kazini.

Lakini shida ya ghala lile haikuwa kuchelewa. Katoni za glasi zilikuwa zinawekwa chini ya mizigo mizito, kwa sababu tuliamriwa kufuata orodha ya kompyuta, si uzito. Kila mpakiaji alilijua hilo. Mwenzetu mmoja alipojaribu kusema, akajibiwa, "Fanya kazi yako." Glasi zikavunjika, tukakatwa mshahara.

Wasee, tusidanganyane. Kumchunga mtu kama mbuzi, hata kwa kompyuta, si ubunifu.

Ubunifu wa kweli upo, na ni wa aina nyingi. Kuna ule wa kubadilisha jinsi kazi inavyofanywa. Viwanda vya Toyota, Japani, vilijulikana kwa kamba iliyopita juu ya mstari wa kuunganishia magari. Mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro, anaivuta. Kiongozi wake anakuja mbio kusaidia, na kasoro isipotatuliwa haraka, mstari mzima unasimama. Hebu fikiria: mtu wa mshahara mdogo ana uwezo wa kusimamisha kiwanda, na hafokewi.

Kuna pia ule wa kubadilisha nani anaamua. Nchini Uholanzi, muuguzi Jos de Blok alianzisha shirika la Buurtzorg mwaka wa 2006, kuhudumia wagonjwa nyumbani kwao. Wauguzi hufanya kazi kwa timu zisizozidi watu 12. Timu yenyewe hupanga zamu, hugawana wagonjwa na kuchagua wa kuajiriwa. Hakuna meneja juu yao. Lilianza na timu moja ya wauguzi wanne. Leo lina maelfu.

Utasema hayo ni ya majuu, huku kwetu ukilegeza kidogo watu wanaiba. Sawa, lakini mama zetu wameendesha chama miaka mingi bila meneja wala kamera. Daftari liko wazi, kila mtu anajua nani ametoa na nani amekopa. Kinacholinda pesa pale ni hesabu kuonekana na wote.

Sisemi ati mabosi wote waende nyumbani. Lazima awepo wa kutia saini na kubeba lawama. Ila kabla ya kununua mashine nyingine, bosi ashuke ghalani aulize: "Nini kinawakwamisha?" Jibu likimwokolea pesa, aliyelitoa naye apate kitu.

Nawe unayeuza viatu mtandaoni, siku moja utaajiri kijana wa kukupelekea mizigo. Siku akikuambia njia yako ya kufunga mizigo ni mbovu, usimwambie afanye kazi yake. Hiyo ndiyo kazi yake.