Neno "Mang'ati" Darasani: Mafunzo ya Kidatu kwa Wazazi wa Visiwani



Kidatu iko mbali na visiwa vyetu, lakini si mji mgeni kwetu. Tangu 1980 Unguja inapata umeme wa gridi ya taifa kwa waya uliopitishwa chini ya bahari, na mitambo ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, ni miongoni mwa inayolisha gridi hiyo. Wapo watoto wetu wanaosoma Morogoro, na wapo wa Morogoro wanaotafuta riziki kwetu. Matusi ya kikabila katika skuli za bonde la Kilombero, basi, tuyatazame kama moto wa nyumba ya jirani.

Chanzo cha neno

Kidatu haina kabila moja. Bonde ni la Wapogoro, Wandamba na Wambunga, lakini miwa na kiwanda cha sukari vilileta vibarua kutoka Iringa, Njombe na Mbeya. Reli ya TAZARA ikaleta wengine. Kisha wakaja wafugaji: Wasukuma, Wamasai na Wabarbaig. Wengi wao hawakuhama kwa kupenda. Wabarbaig walipoteza malisho ya Hanang kwa mashamba ya ngano ya serikali miaka ya 1970 na 1980. Wafugaji wa Usangu waliondolewa mwaka 2006, na mwaka 2012 operesheni ya kuondoa mifugo ikafanyika Kilombero kwenyewe.

Wakulima nao wana malalamiko ya haki. Mpunga wa mwaka mzima ukiliwa na ng'ombe usiku mmoja, familia inalala njaa. Ugomvi huu umemwaga damu: katika wilaya ya Kilosa, ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni mwezi Disemba 2000.

Mtoto husikia haya nyumbani, kisha huyapeleka skuli kwa neno moja: "Mang'ati". Wabarbaig hawakujiita hivyo wenyewe. Ni neno la Kimasai, na maana yake ni adui. Mwanafunzi anayeitwa hivyo anaambiwa kila asubuhi kwamba yeye ni adui wa wale aliokaa nao dawati moja.

"Ni utani tu"

Hiyo ndiyo hoja inayotolewa kila kesi inapofika kwa mwalimu. Utani upo, na una heshima yake. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na Wahehe na Wangoni vilevile. Lakini utani una wenyewe wawili: anayetania leo kesho hutaniwa, na siku ya msiba ndiye anayekuja kusaidia. Anayecheka peke yake huku mwenzake akiinamisha kichwa hatanii, anadharau.

Dini inasemaje?

Suratul Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya. Aya ya 13 inatufundisha kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili tujuane, na mbora wetu ni mwenye taqwa. Abu Dharr, radhi za Allah ziwe juu yake, alipomtukana mtu kwa asili ya mama yake, Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa ndani yake bado mna ujahili. Ikiwa Sahaba mkubwa hakuachiwa neno hilo lipite, sisi tunawaachiaje watoto wetu?

Wazazi huuliza: je, mtoto ana dhambi? Asiyebaleghe kalamu imeinuliwa kwake, lakini mzazi ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Wanafunzi wengi wa sekondari wameshabaleghe, na hao wanabeba wenyewe. Toba yao ina masharti yanayojulikana: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudia. Na kwa kuwa hii ni haki ya mja, lipo la nne, kumtaka radhi aliyetukanwa.

Hapa ndipo adhabu za skuli zinapopungukiwa. Kanuni za Bara zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Aliyetukana hupigwa, akarudi darasani akihesabu kwamba deni limelipwa. Aliyetukanwa hajaombwa radhi wala hajaulizwa kitu. Fimbo imemtisha mmoja na haikumrudishia mwingine heshima yake. Uwajibikaji ni kumkalisha mkosa asikie alichokifanya, aseme mbele ya waliocheka kwamba alikosa, na mzazi wake awepo, kwa sababu mara nyingi neno lilitoka kinywani mwa mzazi. Ama kesi ya mpunga ulioliwa, ina baraza la kijiji na mahakama. Hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyengine, na mtoto wa mfugaji hakulisha shamba la mtu.

Na sisi je?

Tusiwanyooshee kidole watu wa Kilombero. Katika skuli zetu mtoto aliyetoka Bara huitwa "chogo", na wakubwa hucheka. Visiwa hivi vinajua mwisho wa njia hiyo. Kabla ya uchaguzi wa Juni 1961 watu walitukanana kwa asili zao magazetini na mabarazani, na fujo zilizofuata ziliua watu 68.

Wazazi wenye vijana wenye simu wajue pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inahesabu matusi ya kibaguzi mtandaoni kuwa kosa la jinai.

Tunapendekeza mambo matatu. Tuyaondoe majina haya katika mazungumzo ya nyumbani kwanza. Walimu wa madrasa wasomeshe Suratul Hujurat kwa mifano ya maneno yetu wenyewe. Na mtoto akituhumiwa, mzazi asikimbilie kumtetea, amshike mkono ampeleke kuomba radhi.

Allah azitakase ndimi zetu na za watoto wetu. Wabillahi tawfiq.