Bibi Harusi Si Dawa



Sisi wa visiwani tulioolewa huku Mkuyuni, Mwanza, tunawasinga mabibi harusi na kuwapaka hina. Katika shughuli hizo tumesikia mama akimnong'oneza somo: "Mwanangu havutiwi na wanawake. Nikimuoza atatulia." Tunasema wazi: hilo halifai.

Sayansi inasemaje? Agosti 2019 jarida la Science lilitoa utafiti wa jeni za watu zaidi ya 470,000, wengi wao wa Uingereza na Marekani. Haikuonekana jeni moja inayoamua mtu avutiwe na nani. Zilionekana nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na kando yake yapo mambo mengine. Kwa hiyo hakuna wa kumpima mtu damu akamjua. Wapo waliodaka hapo wakasema, basi ni kujitakia. Hata kidogo. Kimo cha mtu nacho hakina jeni moja, na nani aliyejichagulia urefu?

Kupekua mwili nako hakusaidii. Kenya, wanaume wawili waliokamatwa Kwale mwaka 2015 walipimwa kwa nguvu sehemu za siri. Machi 2018 Mahakama ya Rufaa Mombasa ikaamua kuwa haki zao zilivunjwa.

Wanazuoni wetu walipambanua mapema. Imam Nawawi, Mshafi aliyefariki 1277, aliandika kuwa mwanamume aliyeumbwa na mwenendo wa kike bila kujitia hana lawama kwa hilo. Yeye alizungumzia mwenendo, si matamanio, lakini mizani tunaiona: asichokichagua mtu si sawa na anachokitenda. Hukumu ya tendo inajulikana, hatuigusi hapa.

Tunachokigusa ni haki ya binti. Ndoa ni ridhaa, na ridhaa ya aliyefichwa jambo zito ina kasoro. Yeye ndiye atakayelala akijiuliza ana ila gani, na mawifi watamwita hajui kumtunza mume.

Mama, usimuoze mwanao ili kufunika aibu, wala usimfukuze nyumbani. Kaa naye, msikilize. Nawe bibi harusi, kabla ya mahari kupokelewa, muulize mchumba wako uso kwa uso: "Unanitaka mimi, au unataka watu wanyamaze?" Jibu lake lisikie vizuri.

Wabillahi tawfiq.