Hatari ya Askari Haifuti Hesabu



Wenyeji wa Bukoba na Muleba waliosafiri kwenda Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawajayasahau mapori ya Biharamulo. Vita vya Rwanda na Burundi vilikuwa vimemwaga bunduki mipakani, na majambazi wakayageuza mapori yale kuwa maskani yao. Mabasi yalisubiriana, yakaenda kwa msafara, na askari wenye silaha wakayasindikiza. Mama aliyetoka Kaagya akiwa na mwanawe mgongoni alithubutu kusinzia kwa kuwa kijana fulani mwenye mshahara mdogo alikaa macho. Kijana yule naye alikuwa na mama.

Nimetanguliza jambo hili makusudi, kwani wengi wetu tukimtaja polisi huanza na rungu lake. Oktoba 13, 2012, Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Mwanza, Liberatus Barlow, aliuawa kwa risasi. Aprili 13, 2017, huko Kibiti mkoani Pwani, askari 8 waliuawa walipoviziwa wakitoka lindoni, na silaha zao zikachukuliwa. Basi hofu ya askari ina sababu zake.

Hata hivyo, hofu hiyo imefanywa kuwa hoja ya kila kitu. Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo, Iringa, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi akiwa amezungukwa na askari. Alikuwa na kamera tu! Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimfunga askari mmoja miaka 15. Februari 16, 2018, binti mmoja mwanafunzi wa chuo alipigwa risasi ndani ya daladala huko Kinondoni wakati polisi wakitawanya waandamanaji, naye hakuwa mmoja wao. Jalada likafungwa bila askari yeyote kushitakiwa. Kisha ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, watu wakauawa kwa risasi na vituo vya polisi vikachomwa moto. Hadi leo wapo wanaobishana juu ya idadi ya maiti.

Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haimruhusu askari kutumia nguvu kupita kiasi kinachohitajika katika kukamata. Ibara ya 14 ya Katiba inalinda haki ya kuishi, na mtuhumiwa hakutolewa humo.

Wanazuoni wa sira wanasimulia kuwa siku ya Badri, Mtume (S.A.W.) alikuwa akinyoosha safu kwa mshale, ukamgusa tumboni Sawad bin Ghaziyya. Sawad akasema ameumizwa na anataka kisasi chake. Mtume akafunua tumbo lake ili alipizwe, na Sawad akamkumbatia. Tutazame wakati wenyewe: adui alikuwa mbele, naye ni mwingi kuliko wao. Kama kuna saa ambayo amiri angeweza kusema "hapa ni vitani, malalamiko baadaye", ilikuwa ile. Hakusema hivyo.

Nani humwarifu polisi kwamba wageni wenye silaha wamelala katika kibanja cha jirani? Ni raia. Kijana akirudishwa kutoka mahabusu amevunjwa mbavu, jirani huyo hufunga mlango na mdomo, na doria inayofuata huingia gizani bila habari. Askari asiye na hatia ndiye hulipa.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Vijana wetu wanaoitikia kelele za "mwizi!" kwa mawe na mafuta ya taa, au wanaovamia kituo ili wakabidhiwe mtuhumiwa wamuue, hawawezi kesho kulalamikia risasi kwa ulimi mmoja. Askari anayesimama mlangoni kumkinga mtuhumiwa na kundi hilo anafanya ibada, hata kama hajui.

Wenzetu wa Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, walianzisha mamlaka huru ya kuwachunguza polisi. Ina mapungufu yake, na polisi wa huko hawaipendi sana. Hapa kwetu, mara nyingi jalada la askari anayetuhumiwa hufunguliwa na askari mwenzake. Akisafishwa, mtaa hauamini, hata pale ambapo kweli alikuwa akijitetea na panga lilikuwa shingoni mwake.